504 ya Mzee, Gesi ya Songo Songo na Ubishi Wangu

Wadau, nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi. Si kwamba nimeishiwa ya kuandika. Nilikuwa na kesi nyumbani, na kesi yenyewe ina matairi manne, yote hayana upepo.

Jumapili ya wiki iliyopita nilipita Tabata kusalimia wazee. Nafika getini nakuta mkokoteni, vijana wawili na mzani wa kuning'iniza. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kaka yangu mkubwa kasimama na jamaa wa chuma chakavu, wanapiga hesabu juu ya boneti ya Peugeot 504 ya Mzee. Jamaa kashalizunguka gari mara mbili, kashaligonga gonga kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Laki nane," akasema, "na kazi ya kulikata ni juu yangu."

Kulikata! Ebwana, nilihisi kama anamzungumzia ndugu yetu wa damu.

"Shikamoo kaka. Hii biashara imefika wapi?"

"Marahaba. Imefika mwisho. Ilikuwa inakungoja wewe uje ushuhudie."

Nikaenda kwa Mzee kibarazani. Macho yake hayamruhusu kuendesha tena, na gari lenyewe lina miaka sita halijawashwa. Nilipomuuliza kama ni yeye aliyeamua, akapunguza sauti ya redio, akajibu kwa namna yake: "Mimi nimeshaliendesha, mwanangu. Sasa liko mikononi mwenu. Ila mnipe jibu kabla mwezi haujaisha. Sitaki kusikiliza ugomvi wa chuma kila Jumapili."

Mama naye akasema lake: anataka lile eneo la chini ya mwembe afugie kuku. Kwa hiyo mjue kabisa kwamba mimi niko peke yangu kwenye hii kesi. Kaka alitoa hoja tatu. Gari limezeeka. Gari linakunywa mafuta. Na dunia yenyewe inakwenda kwenye umeme, sasa sisi tunahangaika na kabureta ya nini? Ni hoja za mtu mwenye akili, na siwezi kuzijibu kwa kulia. Hebu nizijibu moja moja, nanyi muwe majaji.

Tuanze na uzee. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Huku kwetu hatukuzipenda kwa sababu ya tuzo za Ulaya, tulizipenda kwa sababu ya barabara zetu. Waliotutangulia walikuwa wameshaiona kaka yake, Peugeot 404, ikishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Enzi hizo mashindano yalikuwa yanakatiza Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye tope la Pasaka, na magari mengi yaliyoanza hayakumaliza. Halafu 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 na Ove Andersson, na mwaka 1978 toleo lake la milango miwili likashinda na Jean-Pierre Nicolas. Gari lililoshinda mashindano yale halihitaji tangazo la biashara. Kila ofisa wa serikali, kila padri na kila mfanyabiashara wa mikoani alikuwa ameshapata jibu lake.

Ila mimi napenda injini kuliko vikombe. Injini ya 504 ya petroli imelazwa ubavu ndani ya boneti, kama mtu aliyeegemea mto. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Haina mkanda wa kukatika na kuua valvu, ina cheni. Na siri yake kubwa ni slivu, yaani yale makopo ya chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Kwenye magari mengi silinda zikilika inabidi bloku ipelekwe kuchongwa kwa mashine. Kwenye 504 unachomoa slivu za zamani, unaweka mpya na pistoni zake, unafunga. Fundi wa Mzee alifanya kazi hiyo chini ya mwembe huo huo, mimi nikiwa darasa la tatu nashika tochi. Siku hiyo ndiyo niliyopata ugonjwa huu mnaonicheka nao.

Kwa hiyo neno "limezeeka" kwangu halitoshi. Niambie limezeeka wapi. Bati limeoza sehemu mbili chini ya milango, nakubali. Raba zimekauka, nakubali. Waya wa taa panya wamekula, nakubali. Lakini juzi nilizungusha injini kwa mkono, kwa spana, nikiwa nimetoa plagi na kudondoshea oili kidogo. Ikazunguka. Injini iliyozunguka baada ya miaka sita haijafa, imelala.

Na gari hili lilishahukumiwa kifo mara moja huko nyuma. Wengi wetu tumesahau kwamba petroli tuliyokua nayo ilikuwa na madini ya risasi. Kemikali hiyo iligunduliwa kufaa kwa injini huko Marekani mwaka 1921, ikazuia injini kugonga, na kama faida ya ziada ikawa inalinda pale valvu inapokalia isilike. Hasara yake ni kwamba ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia Januari 2006 ikawa imeondoka kwenye vituo vya ukanda wetu. Algeria ndiyo iliyofunga pazia la dunia nzima mwaka 2021. Wakati ule gereji nzima ilikuwa inamwambia Mzee auze, eti bila risasi hedi itakufa. Fundi akafungua hedi, akaweka siti ngumu za valvu, akafunga, gari likaendelea na safari za Korogwe miaka mingi. Funzo nililopata ni kwamba kinachobadilika ni mafuta. Injini ya chuma kizuri, yenye fundi mwenye akili, inabadilika nayo.

Tena ukisoma historia unakuta petroli haina haki ya kujiita mama wa injini. Nikolaus Otto wa Ujerumani alipokamilisha injini ya mipigo minne mwaka 1876, ilikuwa inakula gesi ya makaa ya mawe, ile iliyokuwa ikiwasha taa za mijini. Mwaka 1899 mtu wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa barabarani, Camille Jenatzy, alivuka na gari la umeme. Na kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel ilinguruma kwa mafuta ya karanga. Karanga, jamani! Petroli ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi kubeba na ilipatikana kwa wingi. Ni mazoea ya miaka mia moja na ushee, siyo amri ya Mungu.

Sasa hoja ya pili: gari linakunywa mafuta. Kweli linakunywa. 504 ya Mzee kwa mwendo wa mjini ilikuwa inakwenda na kama lita 11 kwa kilomita 100. Kwa hesabu nyepesi, tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Hapo ni shilingi 33,000. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua.

Hapa ndipo watu husema basi tafuta mafuta mbadala, na mimi huwa nasimama kwanza. Nimeshaumwa na nyoka, nikiona unyasi nashtuka. Nikiwa sekondari niliandika insha ndefu ya kusifu mbono, ule mmea wa mbegu za mafuta ambao kila mtu wakati huo alikuwa anasema utatuletea dizeli ya shambani. Nikapata alama nzuri sana. Miaka hiyo hiyo, hapa jirani Kisarawe, kampuni moja ya kutoka Uingereza ilikuwa imepewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ili ipande mbono. Mwaka 2011 mradi ukaanguka. Ajira zikaisha, na wanakijiji wakabaki wanauliza ardhi yao ni ya nani sasa. Tangu siku hiyo nina kipimo changu: mafuta mbadala yanayomnyang'anya mtu shamba la mihogo ili mimi niendeshe gari siyo mbadala, ni shida ile ile imepakwa rangi ya kijani.

Gesi asilia imepita kwenye kipimo hicho, angalau kwa upande wa ardhi. Ilikuwepo tayari chini. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa miaka 30 tunaitazama, mpaka 2004 ilipoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme Ubungo. Mwaka 2015 likaja bomba kubwa kutoka Mtwara. Sasa bajaji kibao za mjini hapa zinatembea kwa gesi, na teksi za mtandaoni ndiyo usiseme. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita 1.4 za petroli. Kwa bei ya shilingi 1,550 kwa kilo, ambayo ndiyo tuliyoizoea miaka hii ya karibuni, zile kilomita 100 za 504 zinakuwa kama shilingi 12,400. Zaidi ya nusu ya pesa inabaki mfukoni.

Na kwa ufundi, gari la zamani lina bahati yake. Gari jipya lina kompyuta inayopima kila tone la petroli, kwa hiyo ukifunga gesi lazima ufunge na kompyuta nyingine ya kuelewana na ile ya kwanza. 504 haina kompyuta. Ina kabureta. Unaweka mtungi nyuma, bomba la chuma mpaka mbele, kipunguza presha kinachopashwa joto na maji ya rejeta (kwa sababu gesi ikitoka kwenye presha kubwa hupoa mpaka inagandisha), kisha kichanganyio juu ya kabureta. Asubuhi unawasha kwa petroli, injini ikipata moto unahamia gesi. Gesi haigongi injini hovyo kama petroli hafifu, kwa hiyo fundi anaweza kuisogeza mbele kidogo cheche ya plagi kwenye distributa. Kwa injini za dizeli habari ni nyingine kabisa, maana hazina plagi za kuwasha moto. Wenye Land Rover 109 za dizeli mnisamehe, hii siyo dawa yenu.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Gesi ina kasoro, na mimi nimezionja. Toyota yangu ndogo nilipoifunga gesi mara ya kwanza nilikwenda kwa bei rahisi, kwenye gereji ya uchochoroni ambayo sitaitaja. Mtungi ulikuwa hauna hata karatasi ya kuonyesha umepimwa lini, nami sikuuliza kwa sababu nilikuwa nafurahia punguzo. Wiki ya pili, kwenye taa za Buguruni, nikasikia harufu. Nikazima gari katikati ya foleni, nikafunga valvu ya mtungi, nikashuka huku nyuma yangu wananipigia honi na matusi. Kiungo cha bomba kilikuwa kimekazwa na kitambaa na matumaini. Mtungi ule unabeba presha ya kama mara 200 ya hewa ya kawaida. Siku hiyo nilijua kwamba sikuokoa pesa yoyote, nilikuwa nimeikopa kwenye maisha yangu. Nikaenda kufunga upya kwenye kituo kinachotambulika, kwa gharama kamili, kama shilingi milioni 2. Vijana wa DIT na wenzao waliosomea kazi hii wapo. Hakuna sababu ya mtu kukabidhi roho yake kwa kitambaa.

Kasoro nyingine: mtungi unakula nafasi ya buti na unaongeza uzito. Nguvu ya injini inapungua kwa kama sehemu moja ya kumi, maana gesi inachukua nafasi ya hewa. Inawaka kavu, kwa hiyo siti za valvu lazima ziwe ngumu (na hapo ndipo namshukuru tena yule fundi wa 2006). Foleni za vituoni zimewahi kunilaza hadi saa sita za usiku. Vituo vingi viko Dar es Salaam na Pwani, ukienda Korogwe unarudi kwenye petroli. Na tusijidanganye kuhusu hewa: gesi inapunguza hewa ukaa kwa kama asilimia 20 na inaondoa moshi, lakini haijaitwa malaika. Ikivuja bila kuungua inaharibu hali ya hewa vibaya zaidi.

Nilipomaliza kumwonyesha kaka hesabu yangu, akachukua kalamu. Kaka ni mhasibu. Akaandika: kila kilomita 100 unaokoa kama shilingi 20,600. Kufunga gesi milioni 2. Kwa hiyo unarudisha pesa yako baada ya karibu kilomita 10,000. Akaniangalia. "Wewe unataka gari la kwenda nalo harusini na kanisani. Hizo kilomita 10,000 utazimaliza ukiwa na wajukuu."

Nikanyamaza. Kwa kweli nilinyamaza mpaka nimefika kwangu.

Kwa sababu alikuwa amenishika pabaya. Sisi wapenzi wa magari ya zamani tuna uongo mmoja tunaoupenda. Tunasema tunayaokoa, kumbe tunayafanya sanamu. Tunayaosha Jumamosi, tunayapiga picha, tunasimulia, halafu Jumatatu tunapanda Toyota. Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha kwa mamia kwenye tamasha lao, na watu walitokwa na machozi, mimi nikiwa mmojawapo kwa kutazama kwenye simu. Ziliponigusa zaidi ni zile zilizofika na vumbi la kazi, zile ambazo kesho yake zingerudi kubeba mahindi. Hizo hazikuokolewa na tamasha. Zimeokolewa kwa sababu kila siku kuna mtu anazihitaji.

Huo ndio msimamo wangu wa leo. Gari la zamani haliokolewi kwa mapenzi, linaokolewa kwa kazi. Gari linalotembea kila siku fundi wake hasahau, spea zake zinatafutwa, raba zake hazikauki, na gharama ya kulibadilisha mafuta inajilipa. Likikaa chini ya mwembe, hata ulipende vipi, jamaa wa mzani atakuja tu. Na likiwa linatoa moshi mweusi mpaka bodaboda wanaziba pua, halafu mwenyewe hataki kulitengeneza, huyo asituambie habari za urithi. Apelekewe mzani.

Nimebakiza hoja ya tatu, umeme. Hapo kaka na mimi hatugombani sana. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, bajaji za umeme zimeshaingia mjini, na siku moja watoto wangu watanicheka nikiwasimulia kabureta. Sawa. Lakini mpaka gari la umeme lishuke bei hadi mtu wa Tabata alinunue, tuna magari haya tuliyonayo. Serikali inayatoza ushuru wa nyongeza magari yaliyozeeka yanapoingia nchini, na sababu yake naielewa. Yaliyomo tayari tuyafanyeje? Mimi ningependa kuona gari lililozeeka likipimwa kwa moshi wake na breki zake, siyo kwa mwaka wake wa kuzaliwa. Ningependa kituo cha gesi Chalinze, Morogoro na Segera. Na ningependa kila gereji inayofunga mitungi ikaguliwe, ile ya uchochoroni ikiwa ya kwanza.

Basi hukumu. Juzi Jumamosi nilirudi Tabata, nikamsalimia Mzee, nikaweka mezani laki nane. Nikawaambia hiyo ndiyo bei ya mzani, mimi ndiye mnunuzi, na pesa iende kwenye macho ya Mzee. Toyota yangu nimepata mteja, anaichukua mwisho wa mwezi na gesi yake. Bei yake itatosha bati, raba, waya, hedi ifunguliwe ikaguliwe, na mtungi wenye karatasi. Kisha 504 itafanya kazi. Naishi Mbezi Mwisho, kazi iko Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 45. Kwa mwezi inakaribia kilomita 1,000. Kaka akapiga hesabu hapo hapo: miezi kumi. Akakunja karatasi, akasema tu, "Ikikufia barabarani usinipigie simu." Kwa kaka yangu hiyo ni baraka.

Mama ameuliza kuku wanahamia lini.

Mzee hakusema kitu mpaka nilipokuwa naaga. Akaniita, akatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati. Kumbe alikuwa nao muda wote ule jamaa wa mzani anazunguka. "Klachi yake," akasema, "usiikanyage kwa hasira."

Kwa hiyo wadau, mkinikuta Ubungo boneti iko juu na mimi nimeshika spana, mjue kaka alishinda kesi. Mkiona 504 nyeupe inawapita taratibu bila moshi, mjue rufaa yangu imekubaliwa. Naomba kuwasilisha.